Nyamongo Aliyefungwa Kampala

Nyamongo amepima majani chai yetu hapa Kebirigo miaka kumi na tano, na tarehe thelathini mwezi huu wa Novemba, 1979, anaenda nyumbani. Kipande chake cha kitambulisho kinasema ana miaka hamsini na tano, ya kustaafu. Ni uongo. Aliongeza mwenyewe zamani, akiwa kijana akitafuta kazi ya kwanza, ndio aonekane mtu mzima. Sasa hiyo uongo imemfukuza mapema. Mimi ndiye mpishi wa chai hapa kituo cha kupimia majani, na mambo yake na ya mama yake nayajua yote.

Kabla ya mizani alikuwa golikipa wa Kenya. Kenya yenyewe, si timu ya Magwagwa. Hata leo kikapu kikianguka anakidaka kabla jani moja halijafika chini. Chungu changu alikiachilia, lakini tuache hiyo.

Uhuru ilipokuja tu, wakaenda kucheza Kampala. Mimi na mama yake, Nyanchera, tukasikiliza redio dukani kwa Ahmednoor. Redio ikasema Nyamongo amefungwa. Kidogo, amefungwa tena. Sisi Kiswahili tulijua cha kuuza ndizi, na kufungwa tulijua ni moja tu: jela. Ya tatu ilipokuja, Nyanchera akaanguka chini analia. Kesho yake akapelekea chifu jogoo, ndio mtoto aachiliwe. Chifu akacheka mpaka akakohoa, akamwambia hiyo ni magoli. Jogoo hakurudisha.

Nyanchera hakuamini. Nyamongo akarudi na jicho limevimba, akasema amepigwa na kiatu cha Mganda. Mama akamwambia hata askari wanavaa viatu.

Baada ya miezi mitatu, Walter wa posta akaleta barua. Nyamongo alikuwa ameenda Gesima. Walter akatusomea jikoni kwa Nyanchera: timu inamwita tena Nairobi. Nyanchera akaisukuma kwa moto, chini ya sufuria ya maharagwe.

“Wamfunge mara ya nne? Huyu nilizaa mimi.”

Akatuapisha, mimi na Walter, tunyamaze mpaka yeye azikwe.

Nyamongo alingoja barua mpaka akachoka, akashika kazi ya mizani. Watu wakimuuliza mpira, anasema, “Waliona sifai.” Mimi namimina chai tu.

Nyanchera tulimzika Agosti. Sasa nasema, Nyamongo. Walikuita, mwanangu. Hata na magoli yote matatu uliyofungwa, bado walikuita.

Asante kwa kupima kwa haki. Wote hapa kituoni tunakuombea siku nzuri huko nyumbani. Na ukitaka kunigombeza, boma yangu unaijua.