Mama Surua na Pini Zake Mia Sita

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuyapa mabati umbo, fundi mkuu wa kalibu katika karakana yetu anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Kwenye faili ana jina lake kamili. Sisi tunamwita Mama Surua, naye huitika.

Alianza enzi za kalibu za chuma kizito, kila umbo na kalibu yake, stoo imefurika vyuma vilivyotumika mara moja tu. Kitanda cha pini kilipoletwa, wengi tulikikwepa. Ni pini mia sita zilizosimama wima, kila moja ikipanda na kushuka kwa skrubu yake. Ukizipanga leo unapata kalibu ya mlango wa gari. Kesho unazipanga upya, unapata kalibu ya boneti. Yeye alikipenda siku ile ile. Kila asubuhi alizipitia pini kwa kiganja kama mwalimu anayeita majina, na ile ya safu ya tisa, iliyozoea kunywea ikikandamizwa, aliiita Mvivu mbele za watu.

Jina lake la utani lina kisa. Kati ya pini na bati hulazwa mpira mnene ili vichwa vya pini visiache alama. Wiki ya kwanza aliusahau, na mlango wa gari la wagonjwa ukatoka na vipele mwili mzima. Mwingine angeuficha. Yeye aliutundika ukutani, akaandika kwa chaki kwamba kosa ni lake. Upo hadi leo.

Mwaka jana uongozi ulitangaza kwamba akiondoka, kitanda kitauzwa chuma chakavu, maana hakuna mwingine anayekiweza. Roho ilimuuma, na hakuficha. Akatuchukua mafundi wawili, mimi na mwenzangu wa benchi, akatunoa miezi kumi bila simile. Neno "takriban" alilipiga marufuku.

Mwezi uliopita tulipimwa mbele ya meneja. Tulipanga pini zote wenyewe. Mvivu tukamwinua unywele zaidi, kama tulivyofunzwa. Mama akapitisha kiganja, akarudi kitini. Bati likawekwa tayari, mkono wangu uko kwenye swichi ya mashine ya kukandamiza, mwenzangu akapiga kelele: mpira hakuna! Tukaigeuza karakana juu chini, meneja anatazama saa. Mama alijifanya hamnazo, kisha uzalendo ukamshinda, akacheka mpaka machozi. Alikuwa ameuviringisha na kuukalia.

Bati lilitoka laini. Meneja alilipapasa mara mbili, akasema kitanda kibaki.

Mama, ahsante kwa ukali wako na kwa moyo wako. Tunaona uchungu kukuaga, wala hatuoni haya kusema. Afya iwe tele, wajukuu wakuchoshe kwa michezo, na usingizi uwe mnono. Mpira tutaukumbuka.