Jicho Lilikuwa Zima

Basi lililotoka Korogwe kwenda Tanga lilikwisha kupita Muheza pale mzee Yakoub alipoliona jicho la jirani yake wa kiti, Nasima, limefunikwa kitambaa, akauliza kulikoni. Nasima akamweleza: alipandikizwa kioo cha jicho kilichotolewa kwa marehemu, akaona miezi michache, kisha ukungu ukarudi.

"Wallahi walikupa kibovu," mzee akasema. "Labda cha kikongwe. Mwili umekikataa."

Nasima akamgeukia. "Kwa heshima yako, baba, usimseme marehemu vibaya. Alikuwa msichana, kafa kwa uzazi, na mamake aliridhia huku analia. Jicho lilikuwa zima! Langu ndilo lililojaa makovu ya surua, nikaambiwa nisikose dawa ya matone hata siku moja. Nikaikosa! Miaka ile ya uhaba, hospitali hakuna, dukani hakuna. Leo kuagiza kila kitu ruksa, matone yamejaa madukani, na jicho limeshakufa."

"Ni kadari, mwanangu."

"Kadari ndiyo inayoagiza dawa?"

Mzee, ambaye pengine alitaka kumliwaza tu, akakohoa. Basi liliposimama Pongwe, akamnyooshea mkono amsaidie kushuka.

"Ninalo jicho jingine," Nasima akasema, akashuka mwenyewe.