Kalamu Nyekundu na Kalamu ya Buluu: Kumuaga Mwalimu Naeku Metito

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika shule yetu ya wasichana hapa Kitengela, Mwalimu Naeku Metito anastaafu tarehe 30 Aprili. Amefundisha fasihi na drama, na anaondoka kama alivyoingia: bila kuomba radhi.

Alizaliwa Entarara, akafundisha huko kwanza, kisha akaja kwetu mwaka 1995, wakati punda milia walikuwa bado wakila nyasi nje ya lango. Amekifikisha kikundi cha drama kwenye mashindano ya kitaifa mara nne. Mara moja basi liliharibika karibu na Kajiado, wasichana wakafanya mazoezi kando ya barabara, na mchungaji mmoja akakataa kuondoa ng'ombe wake kabla hajajua nani atakufa mwishoni mwa mchezo.

Alipenda tanzia, hasa zile za mji unaougua. Kila aliyepita darasani kwake anakumbuka kalamu mbili. Kwa nyekundu walipigia mstari maneno ya ugonjwa: tauni, usaha, doa, uvundo. Kwa buluu, maneno ya utakaso: maji, moshi, ufagio. Pembeni waliandika ni nani anayesema. Kila mwaka waligundua jambo lile lile. Wagonjwa wenyewe husema wana homa na kiu. Maneno ya uchafu na ufagio hutoka kwa wenye viti. Na mtu mmoja akishafukuzwa, mji ukishanawa, Mwalimu aliuliza: ugonjwa umetoka, au ametoka mtu tu? Nani amewahesabu wagonjwa tena?

Nikitunza maktaba, nililisikia swali hilo kupitia ukuta wa darasa lake kwa miaka mingi. Nilidhani nimelielewa. Mwaka 1992 sisi tuliondolewa tulikozaliwa, Bonde la Ufa, tukiitwa madoadoa kwa kuwa wa kabila jingine. Sijarudi.

Mwaka 2019 mpishi wetu, Jentrix Wakhungu, tuliyemwita Mama Melvin, aliugua kifua kikuu. Alitibiwa, akarudi na barua ya daktari kwamba haambukizi tena. Hata hivyo kikombe chake kilitengwa, kikafungwa uzi mwekundu, na wazazi wakataka aondolewe jikoni. Uzi ule niliufunga mimi. Naandika hivyo ili asitafutwe mwingine.

Wakati huo Mwalimu Naeku alikuwa akiandaa mchezo alioutunga mwenyewe kwa siku ya wazazi, wa mjane anayefukuzwa ili mji upone. Mwenyekiti wa halmashauri ya shule, Bwana Otiende, alimwita ofisini.

"Mwalimu, hii stori ya ugonjwa tuiache. Weka ngoma kidogo, wageni wafurahi."

"Ngoma iko, mwenyekiti. Wanacheza wakishamfukuza mtu."

Alipewa barua ya onyo. Ameitumia kuwekea alama kurasa za vitabu vyake hadi wiki iliyopita.

Siku ilifika. Mjane alifukuzwa jukwaani, mji ukanawa kwenye karai na kucheza, na katikati ya ngoma wagonjwa wakaendelea kuanguka, mmoja baada ya mwingine, hadi wazazi waliokuwa wakipiga makofi wakaacha. Ndipo Mwalimu alipopanda jukwaani, akamwita Jentrix kutoka jikoni. Kwao Wamaasai, mkubwa humbariki mdogo kwa kumtemea mate. Akafungua viganja mbele yake.

"Mama Melvin, wewe ni mkubwa wangu. Bariki hii kazi."

Jentrix aliwatazama watu. "Hata kwetu wazee hutema mate, mwalimu. Lakini hawa wataniua."

"Waanze na mimi."

Jentrix akatema viganjani. Mwalimu akajipaka mate yale usoni, polepole, akiwatazama wazazi. Msichana aliyeigiza mjane, Naisula, akaja na viganja vyake. Kisha mji mzima ukapanga foleni, pamoja na maiti wote. Bwana Otiende alibaki kitini, lakini barua ya kumwondoa Jentrix haikuandikwa. Jumatatu alikuwa kwenye sufuria zake, na hapo alikaa hadi alipostaafu kwa wakati wake, miaka miwili iliyopita.

Jumatatu hiyo nilikata uzi. Mwalimu Naeku alinikuta nikikata. Aliweka kalamu nyekundu juu ya meza yangu, akaenda darasani. Bado ninayo.

Leo Jentrix amekuja kutoka Matasia kutupikia chai. Vikombe vyote viko kwenye sinia moja, nami siwezi tena kukuonyesha kile cha uzi kilikuwa kipi.

Asante, Mwalimu. Ufike Entarara salama, ng'ombe wako wanenepe, na ukisikia popote watu wakitafuta wa kumfagia, wahesabie wagonjwa. Lakini kabla hujapita lango, tutapanga foleni tukiwa na viganja wazi, utubariki. Nimekuzidi umri kwa miaka minane. Hata hivyo nitakuwa wa kwanza.