Bi Kifundo Aweka Bandeji Chini

Baada ya miaka ishirini na sita ya kufunga, kukanda, kukagua na kugombeza mikono ya watu, Bi Kifundo anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Klabu yetu ya ngumi imetoa mabingwa wachache, na mmoja wao alishinda kwa sababu mpinzani wake alikosea ukumbi. Lakini ukitafuta klabu ambayo wanachama wake wanaweza kufungua kopo la jamu wenyewe, bila kumwita mke, jirani wala fundi, umefika. Sifa hiyo ni ya mtu mmoja.

Hakuja kwetu kutafuta kazi. Alikuja kugomba. Wakati huo alikuwa msusi, na saluni yake ilipakana na ukumbi wetu. Katikati palikuwa na ukuta mmoja tu, mwembamba kama subira yake. Kila gunia la mazoezi lilipopigwa, kioo chake kilitetemeka, na mteja aliyeomba mistari iliyonyooka alitoka na mistari iliyopinda kama barabara ya mlimani. Siku moja akaingia na kitana mkononi, amejiandaa kwa vita, akamkuta bondia mmoja anajifunga bandeji kabla ya mazoezi.

"Hapo unafunga mkono au unafunga furushi?" akamuuliza.

Bondia akacheka. Bi Kifundo hakucheka. Vifundo vya mikono yake mwenyewe viliwahi kumliza kwa sababu ya ususi, akafika mahali pa kushindwa kushika kijiko, na tabibu wa viungo alimfundisha kwa miezi mingi namna ya kuvitunza. Akamkalisha bondia kwenye benchi, akaifungua bandeji yote, akaanza upya: ikazunguka kifundo, ikapanda kiganjani, ikapita katikati ya vidole, ikarudi kifundoni. Isikaze mpaka vidole vife ganzi, isilegee mpaka iporomoke kama soksi kuukuu. Alipomaliza akakumbuka kilichomleta, akagomba vizuri tu, akaondoka.

Kesho yake mabondia walikuwa kwenye foleni ya saluni, wamekaa kimya katikati ya akina mama waliokuja kusuka. Inasemekana mmoja aliona haya kueleza shida yake, akatoka amesukwa.

Haikupita muda klabu ikamwajiri. Cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Vifaa. Kazi yake halisi ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu anayelivamia gunia kana kwamba lilimtukania mama. Mgeni hakupewa glavu siku ya kwanza hata angelia. Alianza kwa kuzungusha vifundo, kukunja na kukunjua vidole, kisha kukamua taulo lililolowa mpaka lisitoe tone. Watu walitoka kazini na hasira zao, wanatamani kupiga kitu, wakajikuta wamekamua mataulo yote ya klabu na wametulia.

Palikuwa na karani mmoja aliyepiga gunia huku kifundo kimepinda kama shingo ya bata. Bi Kifundo alimweleza kwamba mkono unyooke kuanzia kiwiko, na kinachotangulia kugusa gunia kiwe mifupa ya vidole viwili vilivyo jirani na gumba. Karani akaitikia, akapinda. Akaelezwa tena, akaitikia tena, akapinda zaidi. Ndipo akafungiwa mwiko wa kusongea ugali kwenye mkono, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, akapiga polepole hivyo hivyo mpaka mwili ukaelewa. Jioni moja akasahau kuuvua. Asubuhi alihudumia wateja dirishani akiwa nao chini ya shati, na tangu siku hiyo ofisi nzima inamwita Mwiko.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda kwa miaka: Kocha wetu mkuu, anayejulikana kwa jina la Nyundo.

"Enzi zetu, dada," alikuwa akisema, "tulipiga magunia ya mchanga kwa mikono mitupu."

"Ndiyo maana wa enzi zenu wote mnasalimiana kwa viwiko," Bi Kifundo alimjibu.

Mambo yalifika kileleni mwaka ule tulioingia fainali. Aliyetufikisha huko ni Mpishi, bondia wetu ambaye kazi yake ni hiyo hiyo, kupika hotelini. Kwa haraka ya kujiandaa aliongeza mazoezi ya gunia maradufu, bila kupanda taratibu kama alivyoagizwa, na kifundo cha kulia kikaanza kuuma. Bi Kifundo akasema apumzike. Kocha akasema maumivu ni sehemu ya mazoezi. Wakavutana mpaka wakakubaliana: Mpishi atapumzika mpaka siku ya pambano, kisha atapanda ulingoni, ila mkono ukimsumbua, pambano linasimamishwa. Kocha alikubali kwa sura ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Katika wiki hiyo hiyo Kocha mwenyewe alilipiga gunia jipya kwa mkono mtupu, akiwaonyesha wanafunzi ngumi ya enzi zake. Baada ya hapo akawa anatembea na mkono wa kulia mfukoni. Wa kushoto aliuumiza siku iliyofuata, alipokuwa akithibitisha kwamba wa kulia haukuumia.

Siku ya fainali, dakika chache kabla ya kengele, Kocha akaenda msalani na kujifungia. Kufunga alifunga kwa kiwiko. Kufungua ndiko kulikomshinda, maana komeo lilikuwa gumu na lilitaka mkono wenye nguvu, naye kati ya miwili hakuwa na hata mmoja. Kupiga kelele aliona ni aibu kwa mtu mwenye jina la Nyundo. Akakaa. Kengele ikalia, kona yetu haina kocha.

Bi Kifundo akachukua ndoo na stuli, akapanda yeye. Ushauri wake wa raundi ya kwanza ulikuwa mmoja: "Nyoosha kifundo!" Raundi ya pili aliupanua kidogo: "Nimesema nyoosha!" Jukwaa likampokea, ukumbi mzima ukawa unaimba kifundo, kifundo. Na Mpishi alikuwa anaongoza. Lakini mwisho wa raundi hiyo alianza kuukung'uta mkono wa kulia kila alipopiga.

Alipokaa kwenye stuli, Bi Kifundo akaibonyeza glavu kwa juu, taratibu. Mpishi akafumba macho.

"Kinauma?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo cha kukuzuia kuinua sufuria, au hata chumvi hushiki?"

Mpishi akatazama kombe lililokuwa mezani mbele ya waamuzi. Alilitamani kwa miaka. Ilibaki raundi moja.

"Hata chumvi," akasema.

"Basi tumemaliza. Lile ni la kutazamwa tu, mwanangu. Mkono ndio wa kupikia."

Akageuka kutafuta taulo la kurusha ulingoni kuonyesha kwamba tumejitoa. Taulo halikuwepo, Kocha alikuwa ameingia nalo msalani shingoni. Mikononi Bi Kifundo alikuwa na bandeji iliyokunjwa, basi akairusha hiyo. Ikafunguka hewani, ikaenda ikijinyoosha, ikamzonga refa miguuni. Mpinzani wetu, kijana mwenye adabu, akainama kumsaidia, ikamzonga naye. Wote wawili wakakaa chini. Mshindi alitangazwa akiwa ameketi.

Watu walizomea sana. Mpishi alivua glavu bila kumtazama mtu. Na wakati huo huo mlango wa msalani ukavunjwa kwa bega, Kocha akatokea, anachemka.

"Umetupa kombe letu!" akapaza sauti, akainua kidole kumwonyesha Bi Kifundo mbele ya kadamnasi.

Bi Kifundo akaudaka mkono ule, akaubonyeza kidogo tu. Kocha akatoa ukelele uliowafanya waliokuwa nje wadhani mapambano yameanza upya.

Walikwenda hospitali kwa teksi moja, Mpishi upande huu, Kocha upande ule, Bi Kifundo katikati, na njia nzima kila mmoja wao alitazama dirisha lake. Picha zikapigwa. Mpishi kano zake zilikuwa zimevutika, hazijakatika. Daktari alisema apumzike mpaka zipone, na kwamba kwa hali ile raundi nyingine ingeweza kuzikata. Kocha alikuwa na ufa kwenye mfupa mmoja na mkono wa pili umeteguka. Alirudi nyumbani na plasta, akalishwa uji na mkewe, ambaye tunasikia hakuharakisha kijiko.

Mpishi alipopona alirudi jikoni, na jioni yake akaja klabu. Alikaa kwenye benchi la Bi Kifundo, akanyoosha mikono yote miwili ili afungwe. Bi Kifundo naye akamfunga, na tuliokuwa karibu tulimwona akipangusa pua kwa bandeji ya klabu. Wiki chache baadaye nyuma ya Mpishi akasimama mtu mwingine, mrefu, anatazama dari.

"Na mimi, dada," Kocha akasema.

"Enzi zenu zimekwisha?"

"Zimekwisha."

Mpishi ndiye anayerithi benchi lile. Kabla ya kumkabidhi, Ijumaa iliyopita, Bi Kifundo alimpa mikono yake mwenyewe aifunge. Akaikagua, akatafuta kosa, akakasirika kwa kulikosa. Ndipo mtu mmoja akagundua kwamba kwa miaka yote hii Bi Kifundo hajawahi kulipiga gunia hata mara moja, na wote tukaanza kumwomba. Akakataa, akakataa, kisha akadai glavu. Akazungusha vifundo kwa muda mrefu hadi Kocha akapiga miayo. Akasimama sawasawa, akanyoosha mkono, akapiga moja.

Gunia likaenda. Bi Kifundo akautazama mkono wake, akaukunja, akaukunjua.

"Hauumi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Kisha akavua glavu, akamgombeza aliyeacha mlango wazi.

Anahamia kwa binti yake aliyejifungua mapacha. Ameshawaona, na ametupa taarifa ya kusikitisha: wote wawili wanakunja ngumi huku kidole gumba kimefichwa ndani, kosa ambalo kwa bondia huvunja gumba. Tumemweleza kwamba watoto wachanga ndivyo walivyo. Amesema ndivyo walivyo kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Bi Kifundo, asante kwa kila mkono uliotoka hapa mzima ukaenda kubeba mtoto, kushika kalamu, kukoroga sufuria. Tunakuombea siku tulivu, afya njema na wajukuu wasikivu. Na mapacha wale tunawapa pole mapema.