Aliyetufundisha Kusema "Anakoroma"

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya simu ya hospitali yetu, dada tunayemwita Shangazi Simu anastaafu Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu. Tafadhali someni vizuri: anastaafu. Tangazo la kwanza la kamati ya sherehe liliandikwa "SHANGAZI SIMU APUMZIKA", tena na picha yake juu. Kabla ya saa nne asubuhi mpishi alikuwa ameshalia, fundi bomba ameshavua kofia, na mwenyewe akapita katikati yao na chupa yake ya chai akiuliza nani amefariki.

Vijana waliojiunga nasi juzi hawakuelewa kwa nini wazee walicheka hadi wakashika ukuta. Tuwaeleze.

Alianza kazi akiwa msichana mwenye sauti ya upole, kiasi kwamba hata waliokosea namba walibaki kwenye laini wakimsalimia. Siku zake za mwanzo, binti wa mgonjwa mmoja alipiga simu. Baba yake, fundi cherehani, alikuwa amepasuliwa ngiri, na mchana huo alikuwa amekula akasinzia. Shangazi akachagua neno la adabu kuliko yote: "Baba amepumzika, dada. Amepumzika vizuri, hana maumivu tena."

Hebu tulitazame neno hili. Kupumzika ni kutua baada ya kazi, basi. Lakini kwa kuogopa kukitaja kifo kwa jina lake, tumekigawia maneno yetu yote mazuri: amepumzika, amelala, ametutoka, ametangulia. Mtu mwenye afya yake akitaka kujinyoosha kidogo, hana neno lililobaki.

Jioni haijaingia, ukoo mzima ulikuwa kwenye korido. Mdogo wake fundi alikuja na futi ya kupimia jeneza, akilia kwamba hajawahi kutokea mtu wa kukata suruali kama kaka yake. Ndani ya wodi, kaka mtu alikuwa ameketi kitandani na bakuli la uji, anasikiliza.

Ukweli ulipojulikana, binti aliyepiga simu alimgeukia Shangazi mbele ya watu wote. "Wewe mdomo wako unaua," alimwambia.

Neno lile lilimwingia. Kesho yake aliomba ahamishiwe chumba cha kufulia, kwa sababu, alisema, shuka hazipigiwi simu. Akawa anakunja na kupanga, hata salamu anaitikia kwa kichwa. Muuguzi mkuu alishaanza kutafuta mtu wa kushika nafasi yake.

Fundi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alikwenda kwanza kule kwenye shuka, taratibu, ameshika mshono wake. "Mwanangu," alimwambia, "mdogo wangu alininunia tangu tugombee cherehani. Juzi nimemsikia akinisifu, niko hai, nakunywa uji. Wangapi wanaipata hiyo? Rudi kwenye simu yako. Ila siku nyingine sema nakoroma. Maiti haikoromi."

Nyuma yake alisimama binti yake. "Lile neno langu," alisema, "nimekuja kulichukua."

Shangazi alicheka mpaka akakalia kapu la shuka chafu. Mchana huohuo alikuwa mezani kwake.

Tangu hapo, mgonjwa wetu aliyelala anakoroma, akitaka asitake. Mama mmoja alilalamika kwamba ameambiwa mumewe anakoroma, ilhali mumewe hajawahi kukoroma maishani. Tulimwomba radhi. Mumewe, tuliona, aliangalia dirishani.

Na habari nzito zilipokuja, Shangazi hakuzifunika. Alimwuliza aliyepiga kama amekaa, kama ana mtu karibu, ndipo akasema "amefariki", kwa upole uleule. Kisha alibaki kwenye laini mpaka kilio kitulie. Wengi walikuja baadaye kutafuta tu mwenye sauti ile, wamshukuru.

Shangazi, asante kwa kutuonyesha kwamba mdomo uliodhaniwa unaua unaweza kumshika mtu asianguke. Tunakutakia siku njema, afya tele, na wajukuu wanaonyamaza saa za mchana. Yeyote atakayepiga simu hapa kukuulizia baada ya Ijumaa, jibu tumeshakubaliana: Shangazi anakoroma.