Mzee Antipasi na Spika Mbili za Bedford

Ifikapo tarehe 30 Juni 1977, Mzee Antipasi Mughwai, fundi wa gari letu la matangazo hapa Singida, atakuwa ametimiza miaka ishirini na mitano ya utumishi, na siku hiyohiyo atakabidhi funguo za stoo na kustaafu. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika habari zake, wasomi walikuwepo wengi. Mimi, Simeoni Mazengo, ni dereva tu. Lakini nimekaa naye kabini moja miaka kumi na miwili, nimekula naye vumbi la Iramba na tope la Manyoni, na wajumbe wakaona kwamba hiyo ni shahada ya kutosha.

Mzee Antipasi alizaliwa Sepuka mwaka 1922. Wakati wa vita kuu alichukuliwa jeshini, na huko Burma akawekwa kubeba mashine za simu ya upepo. Wenzake walirudi na medali. Yeye alirudi na ujuzi wa kuunga waya gizani kwa vidole vitupu. Mwaka 1952 akaajiriwa karakana ya magari hapa mjini kama msaidizi wa fundi umeme, akapanda ngazi moja moja, na Uhuru ulimkuta tayari ndiye anayeitwa kila redio ya ofisi inapokoroma.

Mwaka 1965 kitengo chetu kilipewa lori la Bedford la kupeleka matangazo vijijini. Lori lilikuwa jipya, lina betri, lina amplifaya, ila spika halikuwa nazo. Mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Filipo Alute, akamtuma Antipasi Dar es Salaam kuchagua spika zinazofaa. Muuza duka alimwonyesha makasha mawili ya mbao iliyong'arishwa, yamefunikwa kitambaa cha rangi ya dhahabu, akaweka santuri. Muziki ukatoka mtamu kama asali ya Itigi. Antipasi akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akaomba makasha yale yatolewe nje barabarani. Akaanza kutembea kwenda zake. Alipofika kona ya pili akageuka, akarudi, akasema hapana: besi ilikuwa ikisikika, lakini maneno yalikuwa yamekwishapotea. Ndipo nyuma ya rafu akaziona spika mbili za bati za mdomo mpana, mfano wa tarumbeta, moja imebonyea ukingo. Zilipowashwa muziki ulikwaruza masikio ya duka zima. Akatembea tena hadi kona ya tatu, hadi ya nne, na kila neno la mwimbaji bado lilikuwa likimfuata mgongoni.

Aliposhuka nazo kituoni Singida, Bwana Filipo alizunguka sanduku la spika mara mbili.

"Antipasi, nimekutuma spika, umeniletea mafaneli ya mafuta ya taa?"

"Mzee, lori hili haliendi kuchezesha dansi," Antipasi akajibu. "Linakwenda kusema na watu walio mbali."

Kuzifunga kulimchukua siku tisa. Mimi nilidhani ni kazi ya boliti nne. Alikata raba za tairi bovu akazilaza chini ya kila mguu wa spika, ili mitikisiko ya barabara isije ikazivunja matumbo. Waya aliupitisha ndani ya mpira wa maji, mbali kabisa na plagi za injini. Hata hivyo, tulipowasha, injini ikaingia kwenye spika ikalia kama mzinga wa nyuki. Siku mbili nzima alihangaika na mlio ule, akafunga kikondensa cha kumeza kelele za umeme hapa na kipande cha waya wa kuzamisha umeme kwenye bodi pale, mpaka injini ikawa inanguruma na spika zimenyamaza kimya. Akaongeza betri ya pili, ya spika peke yake.

Jaribio tulilifanya Mandewa, wakati ule ikiwa bado mashamba. Luciana, karani wetu, alipewa kitambaa cheupe atembee kuelekea nje ya mji, na akiinue juu kila anaposikia anaambiwa neno "inua". Hakufika mbali kitambaa kikalala. Bwana Filipo akanitazama kwa jicho la nilikwambia. Antipasi akapanda juu ya keria, akaweka sikio katikati ya spika mbili, akatabasamu.

"Zinagombana," akasema. "Huyu anasukuma, huyu anavuta."

Akageuza nyaya za spika moja, wa kushoto ukawa kulia. Hakuongeza kitu kingine chochote. Luciana alitembea hadi akawa kama punje ya mtama kule upeoni, na kile kitambaa kikawa bado kinapanda na kushuka. Bwana Filipo alivua kofia.

Baada ya hapo spika moja ilifungwa kutazama mbele na nyingine nyuma, ili tukipita kijijini wasikie tunaowaendea na tunaowaacha. Hivyo ndivyo zilivyokuwa asubuhi moja ya Machi 1968, siku ambayo hasa ndiyo imenifanya nikubali kuandika.

Tulikuwa Shelui na bwana mifugo Laurenti, tukitangaza chanjo ya ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Kulipokucha, ukungu mzito ulikuwa umeifunika mbuga ya Wembere yote, na mtu mmoja aliyeitwa Gabrieli akatokea barabarani akitetemeka, nguo zimegandamana na mwili. Alikuwa ameogelea ameshika mkia wa ng'ombe. Alisema watu arobaini, waliohamia mbugani kwa kilimo, wamebaki kwenye kisiwa kidogo cha ardhi, na maji yameshaingia vibandani. Jana wanaume wawili walijaribu kutoka. Mmoja alirudi. Mtumbwi hakuna, na katika ukungu ule hakuna anayeona mkono wake mwenyewe.

Watu walianza kulia. Kisha akajipenyeza mama mmoja Mnyiramba wa makamo, jina lake Klara. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba haraka haraka kama mtu aliyechelewa. Mwanawe Stefano alikuwa miongoni mwa wale arobaini.

"Iko njia ya ng'ombe," akasema. "Chini yake ni changarawe ngumu. Maji leo yatafika magotini, labda kiunoni. Kushoto ni shimo, kulia ni shimo. Lakini imenyooka kama kamba, inatoka pale walipo mpaka kwenye lile jabali jeusi. Ng'ombe wangu wamepanda hapo miaka yote."

"Wataionaje, mama?" Laurenti akauliza.

Antipasi alikuwa akitazama lori. Akaniuliza kama naweza kulifikisha mbele ya jabali, mahali penyewe njia inapotokea, si hatua tano kando. Nililifikisha. Sitaeleza jinsi nilivyolifikisha, kwa kuwa mkuu wa usafiri atasoma.

Antipasi akampa Mama Klara kipaza sauti. Hakuwa amewahi kukishika. Alikishika kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na spika zikatoa mkwaruzo usioeleweka.

"Usipige kelele, mama," Antipasi akamwambia taratibu. "Zungumza kama uko jikoni na Stefano yuko mlangoni. Mbali niachie mimi."

Basi mama yule akazungumza. Alisema kwa Kinyiramba, polepole, akamwita mwanawe kwa jina, akamwambia awafunge watu kwa kamba za ng'ombe, watoto mabegani, na waje wakiifuata sauti ya mama yake, wasikengeuke hata kama wataona pakavu. Sauti ile ilitoka juu ya vichwa vyetu ikaingia ndani ya ukungu. Ilikuwa ya mwanamke mmoja, lakini ilijaza mbuga nzima. Nilimwona Laurenti akivua kofia bila kujua, kama mtu aliyeingia kanisani.

Akanyamaza. Tukasubiri. Kisha, mbali kabisa, tukasikia debe likigongwa. Walikuwa wamesikia!

Walianza kuja. Kila baada ya muda Mama Klara alinyamaza, nao wakagonga debe, ili tujue walipo. Mara ya tatu Mama Klara alikunja uso.

"Wanakwenda kushoto kwao," akasema. "Kushoto kuna shimo."

Akawaita warudi kulia. Debe likagongwa tena, likiwa kushoto zaidi. Antipasi aligeuka akalitazama jabali nyuma yetu, akapanda juu ya lori mbio mbio kama kijana, akiwa na koleo mkononi.

"Unafanya nini?" Laurenti akapaza sauti.

"Nakata spika ya nyuma."

"Sauti yenyewe haitoshi, wewe unaipunguza?"

"Ile ya nyuma inapiga jabali, jabali linaitupa kando. Wanasikia akina mama wawili, hawajui wamfuate yupi."

Laurenti alimshika mguu wa suruali. Naelewa kwa nini. Ukikata waya na ukawa umekosea, watu arobaini watabaki katikati ya maji wakiwa hawasikii kitu. Antipasi hakubishana. Alimtazama Mama Klara, ambaye mwanawe ndiye aliyekuwa kule, akangoja. Mama Klara akasema neno moja tu.

"Kata."

Akakata. Sauti ikapungua nusu, masikio yetu yakahisi baridi. Mama Klara akaanza tena kuongea, akimwambia Stefano asimame kwanza, asikilize, kisha ageuze uso wake mpaka sauti iwe katikati ya macho yake. Debe likanyamaza muda mrefu. Nilihesabu pumzi zangu. Lilipogongwa tena lilikuwa mbele yetu, limenyooka.

Aliongea kwa muda wa karibu saa tatu. Maneno ya maelekezo yalipomwishia alisimulia mambo ya nyumbani: mbuzi aliyezaa, jirani aliyeezeka nyumba vibaya, siku Stefano alipoanguka kisimani akiwa na miaka minne. Mimi nilikanyaga mafuta betri zisife, na injini ile iliyonguruma miguuni pangu haikuingiza hata nyuki mmoja kwenye spika. Antipasi alibaki juu ya lori, kiganja chake juu ya bati la spika, akiisikia sauti kwa ngozi.

Wa kwanza kutokea alikuwa ng'ombe. Ukungu ulipasuka, zikaonekana pembe, kisha mwanamke ameshika mkia, kisha wengine nyuma yake kwenye kamba, maji kiunoni, nyuso zote zimeinuka kuelekea juu ya lori, kama watu wanaoangalia kitu kinachowaka. Walipanda jabalini mmoja mmoja. Tukahesabu hadi thelathini na tisa. Kwa hesabu ya Gabrieli, alikuwa amebaki mmoja.

Mama Klara hakuacha kuongea. Stefano alitoka wa mwisho, ndiye aliyekuwa na debe, na mgongoni amembeba mzee asiyeweza kutembea, ambaye Gabrieli kwa hofu yake alisahau kumhesabu. Walikuwa arobaini na mmoja wote waliovuka. Mama alipomwona mwanawe, alikiweka kipaza sauti chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ni yai, ndipo akakaa chini.

Baadaye alikuja kuigusa spika. "Chuma hiki kimemeza sauti yangu, kikaenda kuitema kule ambako mimi siwezi kufika," akasema. "Fundi, ulikitoa wapi?"

"Nyuma ya rafu, mama," Antipasi akajibu.

Yule mmoja aliyezama, maji yalipopungua walimpata, wakamzika Shelui. Antipasi alikwenda kwenye maziko yale, na kila tulipopita Shelui miaka iliyofuata alinitaka nisimamishe lori. Sikuwahi kumwuliza alichokuwa akisema pale kaburini.

Tangu hapo spika zile zimefanya kazi nyingine nyingi. Zimehimiza madarasa ya elimu ya watu wazima, zimeita watu kuchimba visima na kujenga shule katika vijiji vya ujamaa, zimetangaza chanjo, misiba na mipira ya miguu. Antipasi amewafundisha ufundi watu wanne. Miongoni mwao ni Redempta, anayeshika nafasi yake kuanzia Julai, na ambaye tayari amemkosoa mwalimu wake kuhusu mpangilio wa betri. Alikuwa sahihi, na mwalimu alitangaza hivyo mbele ya karakana nzima.

Jambo moja wengi hawalijui. Kwa miaka yote ya kuweka kichwa karibu na spika akizijaribu, sikio lake la kushoto limekufa. Hajawahi kulalamika. Mkewe, Mama Felista, ndiye aliyetuambia. Kwa hiyo Mzee ameiomba kamati kwamba siku ya kumuaga spika zisiwashwe kabisa, na hotuba zisisomwe. Anataka kila mmoja asogee, ampe mkono, amwambie la moyoni kwa sauti ya kawaida, akiwa amesimama upande wa kulia.

Basi, ndugu wafanyakazi, tupange foleni. Mzee Antipasi, tunakushukuru wewe na Mama Felista kwa robo karne mliyotupa. Nenda Sepuka salama. Alizeti ikukubali, kuku wazaane, wajukuu wakuchoshe, na maisha yaliyobaki yawe mema na marefu. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na tafadhali mlio nyuma yangu mnivumilie, kwa maana nina mengi ya kumwambia.