Fundi Shela wa Jengo la Saa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mniazime masikio, niwasomee maisha ya marehemu shemeji yangu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Shela, hata sisi wa nyumbani tukalizoea jina hilo, tukalisahau alilopewa na wazazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa kondakta wa treni na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya hapo hapo relini hadi mwaka 1969, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu ushonaji Novemba 1973, na walimu wake walimkumbuka kwa ubishi, kwani alikuwa akifumua kazi iliyokwisha kupewa alama, ati mshono haujamridhisha.

Januari 1976 alipanga chumba ghorofa ya pili ya Jengo la Saa, katikati ya mji, chumba chenye dirisha refu lililomwaga mwanga mezani tangu asubuhi, na humo alishona magauni ya harusi kwa miaka thelathini na minane, akawavisha mabibi harusi, kisha binti zao. Ni humo alimokutana na kaka yangu, fundi bomba aliyeitwa kuziba bomba lililokuwa likivujia vitambaa vyeupe, naye, kwa maelezo yake mwenyewe, aliliziba vibaya makusudi ili aitwe tena. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, ambao wako mbele yenu.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mtaa wote wa zamani utabomolewa, yajengwe maghorofa ya vioo, wapangaji wakagawanyika, na nyumba ya kaka yangu nayo ikagawanyika. Marehemu na wenzake walikwenda mahakamani kulitetea jengo, kaka yangu, kama mume wa mpangaji, akasaini na waliokubali kuhama, kwa kuwa aliyajua mabomba yale na nyufa zile, na aliiamini ahadi kwamba kila mpangaji atapata chumba katika jengo jipya.

"Mama watoto, jengo limeoza, litakuja kukuangukia," alimwambia mbele yetu sote.

"Basi lirekebishwe," akajibu. "Kwani wewe si fundi?"

Ijumaa, tarehe 6 Juni 2014, mahakama iliamuru ubomoaji usimame hadi kesi isikilizwe, lakini Jumapili asubuhi, amri ikiwa bado haijawafikia wahusika, au ndivyo walivyodai, mashine ziliingia. Marehemu alikimbia na kandambili zake, akapanda ngazi kabla hajazuiwa, akatoka na gauni moja begani, la bibi harusi wa Jumamosi iliyofuata, na vingine vyote, pamoja na cherehani, vikabaki. Alisimama ng'ambo ya barabara akitazama ukuta wa mbele ukilala chini, na vumbi lilipotua, gauni lile lilikuwa rangi ya saruji.

Maghorofa hayakujengwa. Mwekezaji aliondoka, kiwanja kikabaki shimo la maji nyuma ya mabati, na kuhusu vile vyumba hapakuwa na wa kuulizwa. Kaka yangu alimnunulia cherehani mpya, akamwachia sebule nzima nyumbani kwao, lakini huko pembezoni mwa mji wateja hawakufika, naye akashona mapazia, kisha sare za shule, kisha akaifunika cherehani. Hawakugombana tena, walisalimiana, walikula pamoja, ila maongezi yao yaliishia kwenye chumvi na mvua. "Afadhali angenitukana," kaka aliniambia.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2019, akalazwa Hospitali Kuu mara kadhaa, na alifariki dunia alfajiri ya tarehe 2 Februari 2022. Siku moja kabla, kaka yangu alimwomba msamaha, naye akasema, "Mabomba yalikuwa yameoza kweli," akageukia ukutani. Kaka ameomba nisome na hilo, nami sikuweza kulipamba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliompeleka kliniki kwa magari yenu, na ninyi wapangaji wenzake, mliotawanyika kila upande, mkakutana tena leo msibani. Tungependa kumwambia kwamba alichokipigania kimebaki, lakini hakikubaki.

Pumzika, Fundi Shela, ulichoka mno.